Insulini si sato wa Mtera

"Dokta, niliiweka friza kabisa ili isiharibike." Mimi ni mfamasia, ila hilo la udokta tumeshalizoea. La friza ndilo lisilozoeleka. Na husemwa kwa fahari, kama vile mtu kaiongezea dawa ulinzi. Sato, samaki wa bwawa la Mtera, akilala friza mwezi mzima bado analika. Insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma, ikiganda mara moja tu, imekwisha, na kuiyeyusha hakuirudishi.

Insulini ni protini ndani ya maji. Maji yakianza kuganda yanajitenga kuwa barafu, na protini inabanwa kwenye majimaji machache yaliyobaki mpaka inashikana. Barafu ikiyeyuka, iliyoshikana haiachani. Kwa zile nyeupe, yaani NPH na mchanganyiko wa 30/70, unaweza kuliona hili kwa macho. Viringisha kichupa kati ya viganja mara kumi hivi, kisha kiinue kwenye mwanga. Nzima inakuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Iliyoganda inabaki na chengachenga zinazoelea, au utando mweupe ulioganda kwenye kioo kama umepakwa. Kasheshe ni ile angavu. Inaweza kuganda, ikayeyuka, ikang'aa kama maji ya chupa, na wewe ukajichoma uniti 12 ambazo si 12. Kwa hiyo ukijua iliganda, usiitumie, hata ikionekana safi. Kalamu ya kujichoma insulini ndiyo balaa zaidi: dawa ikiganda inatanuka, inasukuma kizibo au inatia kioo ufa usioonekana, kisha ikiyeyuka hewa inaingia na kipimo kinapotea.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8. Kwa hiyo usiseme "baridi". Sema 2 mpaka 8.

Sasa wenzangu wenye maduka ya dawa, maana mteja tumemlaumu vya kutosha. Friji la nyumbani la mlango mmoja, lenye kifriza juu na swichi ya kuzungusha namba 1 mpaka 7, halijui nyuzi 5 ni nini. Namba zile si nyuzijoto. Zinaeleza tu ukali wa ubaridi, na ukali huo unabadilika na joto la chumba. Swichi uliyoipandisha Oktoba, mchana wa zaidi ya nyuzi 30, ukiiacha hapohapo mpaka Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka chini ya 15, rafu ya juu na ukuta wa nyuma vitagandisha. Kosa jingine ni la umeme: umekatika, umerudi, mtu anazungusha swichi mpaka mwisho "ipoe haraka", kisha anafunga duka na kwenda zake kulala. Asubuhi boksi la nyuma limeshikana na ukuta. Umeme ukirudi, usiguse swichi. Mlango ukae umefungwa, na nafasi tupu za chini zijazwe chupa za maji ya kawaida, yasiyoganda, zishikilie ubaridi wakati wa giza. Dawa zikae rafu ya kati ndani ya maboksi yake, vidole viwili kutoka ukuta wa nyuma. Mlangoni weka chupa za maji, usiweke dawa.

"Lakini friji langu ni la kisasa, kioo kinaonyesha 4." Kinaonyesha 4 sasa hivi, mahali pamoja, pale kihisio kilipo. Cha kusoma ni kiwango cha chini na cha juu ambacho kipimajoto kimehifadhi tangu mara ya mwisho, asubuhi na jioni, kisha ukifute kianze upya. Usipofuta, unasoma ya wiki iliyopita na kuiandika kama ya leo, na daftari linakuwa zuri sana kwa mkaguzi. Ukiweza, nunua loga, kifaa kinachorekodi joto lenyewe kwa siku 30. Zile za friji za chanjo kwa kawaida hupiga kengele joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka mpaka −0.5 kwa dakika 60. Linganisheni hapo: kwa joto unapewa saa 10, kwa kuganda unapewa moja. Waliopanga hivyo walijua adui mkubwa ni yupi.

Na kile kiduara chenye mraba ndani yake kwenye vichupa vya chanjo hupima joto tu, hakionyeshi kuganda. Chanjo ya pepopunda iliyoganda inaweza kuwa na mraba mweupe safi kabisa, kana kwamba ni nzima.

Kipimajoto chenyewe nacho hudanganya kikizeeka. Saga barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza kihisio dakika chache. Kinatakiwa kusoma 0, au nusu nyuzi huku na huku. Msikijaribu kwa maji yanayochemka: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi.

Kichupa cha insulini kilichofunguliwa hakihitaji friji. Aina nyingi hudumu wiki 4 chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25, kwa hiyo soma karatasi ya ndani na uandike tarehe ya kufungua kwenye lebo. Nyumba ya bati inayopita 30 mchana, tumia mtungi: mkubwa nje, mdogo ndani, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya kopo lililofungwa. Hewa kavu ya Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba inaufanya mtungi upoe kuliko ambavyo ungepoa Dar. Februari, mvua ikiwa imekolea, usiutegemee sana.

Hapa kaunta huwa haisemi ukweli wote. Mwaka 2021 MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti walioufanya kwa kuiga joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, nyuzi 25 mpaka 37 zikipanda na kushuka kila siku, na insulini ya binadamu (iliyotengenezwa sawa na ile ya mwili wetu) ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Nafarijika nao, lakini haugusi kichupa kilichokaa miezi mitatu juu ya kabati chini ya bati. Hicho nakibadilisha, na siwezi kumwambia mteja kimepoteza kiasi gani. Sitakuwa na jibu la namba, na hata mwenzangu wa duka la pili hana.

Anayesafiri leo kwenda Kondoa au Mpwapwa, msimwekee barafu kichupa kinachotumika. Kitambaa na mfuko wa mkononi vinatosha, mradi usikae dashibodi. Kwa akiba ya miezi, pakiti ya barafu itolewe friza na iachwe nje mpaka ukiitikisa usikie maji ndani, ndipo ifungwe kwenye gazeti, isigusane na boksi.