Virusi, mnyoo, trojani: nani alifungua mlango?

Kompyuta ikianza kwenda polepole au mafaili yasipoonekana, kauli huwa moja tu: "Hii ina virusi." Fundi naye hujibu kwa mkato: ifomatiwe. Sisi wa usalama wa TEHAMA, kabla ya kufuta chochote, huuliza kwanza kilichoingia kimeingiaje, maana dawa hutegemea jibu hilo.

Jina la jumla ni programu hasidi. Kirusi hujipachika ndani ya faili na hukaa kimya mpaka mtu alifungue. Mnyoo hausubiri mtu; hujinakili wenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Trojani huikaribisha mwenyewe, ukidhani ni mchezo au programu ya kulipia uliyoipata bure. Programu jasusi hunakili unachochapa, nywila zikiwemo.

Kwetu kinachosumbua zaidi kinatembea na flashi. Umepeleka kazi kuprinti stesheneri, ukirudi folda zote zimegeuka njia za mkato: kila moja ina kishale kidogo pembeni na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Wengi huamini kazi imepotea, wanafomati flashi, na hapo ndipo inapopotea kweli. Mara nyingi folda zako zimo, zimefichwa tu. Ukibofya njia ya mkato, folda yako inafunguka ili usishtuke, huku programu hasidi ikihamia kwenye kompyuta yako. Angalia nafasi iliyotumika: kama flashi inasema gigabaiti tatu zimejaa na wewe unaona vishale vitupu, kazi ipo. Usibofye kitu. Ikaguliwe kwenye kompyuta salama yenye programu ya kuzuia virusi iliyosasishwa, kisha ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, pamoja na yale ya mfumo.

Hila ya kukuonyesha kitu kwa sura ya kingine ni ya siku nyingi. Mei 2000, programu hasidi ya ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikasambaa duniani kwa barua pepe, imebeba faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilificha herufi tatu za mwisho, yaani kiishio kinachoonyesha kuwa hiyo ni programu, watu wakaona barua ya kawaida ya mapenzi. Mpaka leo Windows huja ikiwa imeficha viishio hivyo. Mimi ningekushauri uvionyeshe leo hii.

WannaCry ulikuwa mnyoo uliobeba programu ya kikombozi, yaani ile inayofunga mafaili yako na kudai fedha ndipo iyafungue. Tarehe 12 Mei 2017 ulianza kuenea, ukafikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Ulidai dola 300 kwa bitcoin, na ukichelewa siku tatu, 600. Hakuna aliyehitaji kubofya chochote: uliingia kwa kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuiziba, tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Hapa kwetu wengi huzima masasisho kwa kuogopa bando kuisha. Hofu hiyo ina msingi, lakini angalau viraka vya usalama visikose. Tafuta sehemu yenye Wi-Fi ya kuaminika uvishushe.

Hadaa haihitaji hata kompyuta. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au anayejifanya huduma kwa wateja akuombe namba ya siri, hukutegemea wewe ufungue mlango kwa mkono wako. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, bila malipo. Ukibonyeza *106# utajua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na hapo wengine hushtuka.

Skrini ikitokeza madai ya kikombozi, chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi kabla ya kumpigia mtu simu, ili kompyuta za jirani zisifuate. Usilipe kwa haraka. Wapo waliolipa na mafaili hayakufunguka. Wala usichomeke diski yenye nakala za akiba za mafaili yako "kuangalia kama ipo", kwa sababu nayo itafungwa palepale. Hata siku za kawaida diski hiyo isiachwe kwenye kompyuta usiku kucha: ichomeke wakati wa kunakili, ukimaliza ichomoe, iende kabatini.