Je, wajua kwa nini ua la mgomba huvunjwa kwa panda ya mti, si kwa panga?

Ingia vijiji vya Luweero kutoka barabara ya Kampala kwenda Bombo, uitazame migomba iliyozaa. Mingi ina mkungu usio na ua. Chane za ndizi zimepangana hadi ya mwisho, kisha kikonyo kinatokeza kidogo na kuishia hapo, mahali ambapo lingening'inia lile ua zito la rangi ya zambarau. Halikudondoka lenyewe. Limevunjwa na mtu, na kama mwenye shamba alimsikiliza bwana shamba vizuri, limevunjwa kwa mti mrefu wenye panda nchani. Panga analo nyumbani, tena limenolewa. Mbona ameliacha?

Sababu ni ugonjwa. Kwa Kiswahili cha maofisa wa kilimo unaitwa mnyauko wa bakteria. Waganda huuita kiwotoka. Bakteria wake, Xanthomonas, walitambuliwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, mmea ndugu wa mgomba ambao watu wa kusini mwa nchi hiyo hula tunguu lake na shina lake, na mwaka 1974 wakaripotiwa kwenye migomba ya huko huko. Baada ya hapo ugonjwa ukabaki Ethiopia tu kwa miaka mingi. Mwaka 2001 ulionekana Mukono, na haukupita muda mrefu ukawa umeenea sehemu nyingi za Uganda zinazolima ndizi, ukavuka hadi Rwanda, Tanzania na Kenya. Kwa nchi ambayo watu wengi wasipokula matoke husema hawajala, hilo lilikuwa balaa.

Wenyewe haujifichi ukishapamba moto. Majani hugeuka njano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, tena haziivi pamoja: utaona kidole kimoja cha njano katikati ya chane ya kijani. Kipasue, ndani ni kahawia na kimeoza. Kata shina, subiri dakika chache, na ute mzito wa njano utaanza kuchuruzika. Ute huo ni bakteria watupu, mamilioni kwa mamilioni. Hakuna dawa ya kumpulizia mgonjwa akapona. Pale Kawanda, kituo cha utafiti kilicho kwenye barabara hiyo hiyo ya Bombo, migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho imekuwa ikijaribiwa shambani tangu 2010, ila haijafika mikononi mwa mkulima. Kwa hiyo kilichobaki ni kuuziba mlango.

Mlango mkubwa ni hilo ua. Ndizi zote zikishatoka, ua dume huendelea na shughuli zake. Gamba moja huinuka, chini yake pana safu ya maua madogo yenye utamu ndani. Baada ya muda gamba na maua hudondoka, na pale yalipokuwa hubaki kovu bichi lenye utomvu. Kisha linainuka gamba jingine. Ukilitazama kwa macho ya mdudu, hapo pana chakula kipya kila mara, na kando ya chakula pana jeraha lililo wazi. Wanakuja nyuki, wanakuja wale nyuki wadogo wasiouma, wanakuja nzi wa matunda. Mmoja akiwa ametoka kwenye mgomba mgonjwa, miguu yake ina ute. Akitua kwenye kovu bichi, bakteria wamepata njia: watapita kwenye kikonyo, wafike kwenye ndizi, kisha shinani. Na hasara yote hiyo inatokana na kitu ambacho kwa mkulima kimeshamaliza kazi, maana ua dume halizai ndizi hata moja.

Basi liondolewe, na mapema, mara tu chane ya mwisho inapojitokeza. Ukingoja mpaka upate nafasi, wadudu hawakungoji. Hapo ndipo panga linapoleta fitina. Mgomba unaweza kuwa na bakteria bila kuonyesha dalili yoyote. Ukate ua lake kwa panga, uendelee na migomba kumi inayofuata, umeichanja yote kumi kwa mkono wako mwenyewe. Panda ya mti haina makali ya kupita ndani ya utomvu wa huu na kuingia ndani ya ule. Unaipeleka juu, unakinasa kikonyo kati ya chane ya mwisho na ua, unazungusha na kuvuta. Kikonyo ni chororo, kinavunjika kwa mlio mdogo na ua linaanguka miguuni pako. Linabaki jeraha moja ambalo hukauka upesi. Mti wenyewe haununuliwi, na mama au kijana mfupi anaufikia mkungu wa juu bila ngazi. Tena ndizi zilizobaki hujaa vizuri zaidi, jambo ambalo bwana shamba mwerevu hulitanguliza kabla hata hajautaja ugonjwa.

Si migomba yote iliyo hatarini sawasawa. Kayinja, ndizi ya juisi na ya tonto (pombe ya ndizi), ndiyo huanguka kwanza, kwa kuwa magamba yake hudondoka na kuacha makovu wazi. Nakitembe hushikilia magamba na maua yake yaliyokauka, kwa hiyo mdudu akija hakuti kovu. Na ukipanda milimani, juu ya mita 1,700 hivi, wadudu hao hupungua sana na maambukizi ya kupitia ua huwa haba. Lakini kisu hakijui mwinuko. Nakitembe hukatwa majani sawa na mwingine yeyote, na mlimani pia watu wanakata mikungu.

Hapa ndipo swali la panda linapoacha kuwa la mimea na kuwa la watu. Ushauri wenyewe ni rahisi na hauna gharama. Mbona ulichukua miaka kushika?

Tuanze na nani aliyeitwa mkutanoni. Aliyeketi chini ya mwembe kumsikiliza bwana shamba mara nyingi alikuwa mzee mwenye shamba. Lakini anayeingia shambani kila siku na kisu ni mke wake au binti, akikata majani ya kufungia na kufunikia matoke sufuriani. Na anayeangusha mkungu mara nyingi ni kijana wa mnunuzi, aliyekuja na baiskeli au pikipiki na panga lake mwenyewe, asubuhi yuko kijiji hiki, mchana kile. Hao wawili ndio wenye makali mkononi, na hawakuwamo kwenye orodha ya waliohudhuria. Kwenye kliniki za mimea, zile meza ambazo maofisa huweka siku za soko katika baadhi ya wilaya ili mkulima alete jani au tunda linaloumwa, mazungumzo huenda hivi. Mama anatoa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ndizi iliyoiva upande mmoja. Afisa anaipasua, anatikisa kichwa.

"Mama, majani ya kufunikia matoke unakata kwa kisu gani?"

"Si hiki hiki cha jikoni."

"Unakata mgomba mmoja au unazunguka?"

"Nazunguka, mwanangu. Jani moja litafunika nini?"

Jibu hilo linamwambia afisa mengi kuliko ile ndizi. Na dawa yake ni ya jikoni pia: kisu kipitishwe motoni kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Kuna Jik iliyochanganywa na maji, nayo inafaa, lakini Jik ni ya kununua na watu huiweka kwa ajili ya nguo. Moto upo kila nyumba.

Pili, wataalamu wenyewe walikuwa wapi? Mwaka ule ule wa 2001 ugonjwa ulipozuka, Uganda ilipitisha sheria ya kuunda NAADS, shirika la taifa la ushauri wa kilimo. Mpango wake ulikuwa kwamba vikundi vya wakulima vichague wanachotaka kufanya, kuku au kahawa au nanasi, kisha mtaalamu binafsi apewe mkataba wa kuwafundisha hicho. Kwa mtu anayetaka kufuga kuku si mpango mbaya. Kwa ugonjwa unaovuka mpaka wa shamba usiku na mchana, bila kujali nani alichagua nini, ulikuwa mgumu. Mwaka 2014 mambo yakabadilishwa: ugani, yaani kazi ya kuwashauri wakulima, ukarudishwa mikononi mwa wizara na serikali za wilaya, na ugawaji wa mbegu na miche ukasimamiwa na wanajeshi chini ya Operation Wealth Creation. Sera ya taifa ya ugani ikatoka 2016. Hata hivyo idadi ya maofisa haijawahi kutosha. Kipimo kinachotajwa siku zote ni afisa mmoja kwa kaya 500, na afisa wa Uganda amekuwa akibeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Hesabu hiyo ikiwa hivyo, ushauri unaohitaji afisa arudi shambani kila wiki umekufa kabla haujatolewa. Panda ya mti ilisalimika kwa sababu ukionyeshwa mara moja, umejua.

Tatu ni lile somo ambalo wakulima waliligomea. Mwanzoni waliambiwa: ukiona shina moja linaumwa, ng'oa ukoo mzima, mama, watoto na wajukuu, tunguu na mizizi, katakata, fukia, kisha ngoja miezi kadhaa kabla ya kupanda tena. Aliyewahi kung'oa tunguu la mgomba mzima kwa jembe anajua maana yake. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ukimaliza una shimo mahali palipokuwa na chakula. Mjane mwenye migomba thelathini, kumi ikiumwa, alikuwa anaambiwa aondoe theluthi ya riziki yake, na watoto wa migomba hiyo bado wanachipua kijani mbele ya macho yake. Wengi walikata shina lililonyauka tu, wakaacha mengine, wakanyamaza. Vijiji vingine viliweka sheria ndogo ndogo na mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, akasimamia, na kwa mashamba ya Kayinja yaliyotelekezwa, yanayomlisha mdudu na kumwambukiza jirani, nadhani ilibidi. Lakini kwa mjane yule sheria haikuongeza nguvu za kushika jembe.

Watafiti walipoanza kulichunguza jambo hili kwa makini, Uganda na Kongo, waligundua kwamba bakteria hawafiki kila shina katika ukoo mmoja. Shina moja linaweza kufa na ndugu zake wakazaa vizuri. Hapo ushauri ukabadilika: kata shina linaloumwa peke yake, usawa wa ardhi, na mara tu dalili inapoonekana, pitia shamba tena na tena, ukikuta jingine ulikate, vunja maua kwa panda, choma makali. Ukifanya hivyo bila kuchoka, wagonjwa wanapungua mwezi hadi mwezi mpaka shamba linarudi. Shamba lililokwisha karibu lote bado ni la kung'oa.

Kwa hiyo waliogoma walikuwa wameona nusu ya jibu. Nusu waliyoikosa ni panga: walikata shina gonjwa kisha wakaenda na makali yale yale kwenye zima. Ugani ungewauliza mapema walichokuwa wakikifanya, badala ya kuwahesabu kuwa wakaidi, miaka kadhaa ingeokolewa.

Kilicho kigumu hadi leo ni kijana wa mnunuzi. Hana shamba hapo, hayumo kwenye kikundi, analipwa kwa mkungu na ana haraka ya kupakia mzigo kabla ya jua kuwa kali. Masoko ya mpakani kama Busia, anakokutana na wenzake wa makabila mengi na Kiswahili ndicho wanachobishania bei, ni mahali pazuri pa kumpata kuliko kumngoja kijijini. Na mwenye shamba asipotaka kumngoja bwana shamba, panga la kuangushia mikungu na liwe lake, likae jikoni karibu na moto, na mnunuzi akija alikute hapo tayari.