Kugonga mtu ziwani na kukimbia: mambo nimechoka kusikia

Wiki hii tena. Niko kwa bandari ya Ziwa Kivu, huku Kongo, nangoja boti ya kwenda Bukavu, kapiteni moja ananisalimia, anajua niko avoka, na mbele hata ya kuuliza habari za nyumbani ananiambia "Metre, kugonga na kukimbia ni mambo ya barabara, ziwani haiko." Hiyo sentensi nimeisikia kwa makapiteni, kwa wenye maboti, hata kwa familia za waliogongwa, na hao wa mwisho njo wananiuma zaidi juu wanamaliza matanga wakiamini sheria haiwajui.

Ni kweli ile sheria ya barabara ya 1978 inaongelea magari na motari, haiongelei pirogi. Lakini nani alikuambia ile njo sheria ya pekee? Kodi penali, ile sheria ya makosa ya jinai, iko na kifungu 66 ter na haikuulizi kama ulikuwa kwa lami ao kwa maji: kama mtu yuko hatarini, wewe unaweza kumsaidia bila kujitia hatarini wala kutia wengine, na ukaacha kwa kupenda kwako, tayari umefanya kosa. Tena kuna 52 inayoongelea uzembe wa kukosa kuangalia mbele, 53 kama mtu amekufa, miezi 3 mpaka miaka 2 ya gereza, na 54 kama ameumia, siku 8 mpaka mwaka 1. Sasa niambie ni wapi hapo uliona neno barabara.

Halafu wanakuja na ile ingine, ndugu yake na hii: "nikisimama nimekubali kosa." Apana, apana, apana. Kusimama hakukuandiki kwenye karatasi yoyote kwamba wewe njo mkosaji. Unaweza kusimama, ukavuta watu kutoka majini, ukafika kwa bandari ukatangaza wewe mwenyewe, kisha uchunguzi ukaonyesha pirogi ilikuwa inapita gizani bila hata tochi, ukatoka salama ao kosa mkagawana. Lakini ukizima taa ukaongeza motere, hilo kosa la kuacha mtu majini ni lako peke yako, hakuna wa kugawana naye, na mbele ya jaji utakuwa unaeleza mambo mawili, pale ulikuwa na moja tu.

Najua mtanijibu: boti imejaa, kuna mawimbi, nikigeuka nitazamisha watu mia. Sheria imesema "bila hatari", kwa hiyo hakuna mtu anakudai ufe. Ila kile kifungu kinasema pia kama huwezi kusaidia kwa mikono yako uite msaada. Piga simu kwa bandari, kwa komiseri wa ziwa, kwa kapiteni mwenzako anayekuja nyuma, washa taa zote, tupa magile ya kuelea na vidumu vitupu majini. Rezo ikikataa katikati ya ziwa piga tena mbele kidogo, hiyo simu itabaki kwa telefone yako na saa yake, na siku moja inaweza kukuokoa wewe pia.

Mwaka fulani mama moja wa kisiwa cha Idjwi alinifikia kwa biro na kitu amefunga ndani ya kikwembe. Nilifikiri ni chakula. Akafungua: kipande cha ubao wa pirogi ya bwana yake, urefu wa mkono, kimepasuka kwa upande, na kwa ule mpasuko rangi ya bluu imeshika kabisa, unaikwaruza kwa kucha haitoki. Pirogi ya bwana yake haikupakwa rangi hata siku moja. Watu wa kijiji walishamwambia hakuna kesi juu hakuna aliyesoma jina la boti usiku. Ule ubao, pamoja na saa ambayo wavuvi wa sambaza waliokuwa pale karibu walisikia motere, pamoja na kitabu cha bandari kinachoandika boti gani iliingia saa ngapi, hiyo yote njo ushahidi. Mu mambo ya penali ushahidi ni huru, jaji anaangalia yote.

Sentensi zingine za namna hiyo nizipitie haraka.

"Mwili haukuonekana, kesi hakuna." Kivu inashuka karibu mita 480, kuna watu haitawarudisha. Kifo kinathibitishwa kwa njia zingine, na familia inaweza kuomba tribinali itoe jugema, ni kusema uamuzi, ya kutangaza kifo.

"Mwenye boti alikuwa amelala nyumbani, kapiteni njo atalipa." Kifungu 260 cha kodi sivili, sheria ya madai na malipo, kinasema anayetuma mtu kazi anajibu kwa uharibifu huyo mtu anafanya ndani ya ile kazi. Kwa hiyo papa, wewe wa nyumbani, faranga zitatafutwa kwako.

"Boti kubwa njo iko na njia." Hata kanuni za bahari za 1972 zinasema chombo cha motere kimuepuke yule ambaye nyavu zake ziko majini. Wewe una usukani na mwendo, yeye ana nyavu na kasia.

"Tulipatana, walituletea ngombe na tukasaini." Mapatano yanahusu pole yenu. Mashitaka ya kifo ni ya parke, ofisi ya serikali inayoshitaki, hamuwezi kuyauza.

Na hii naomba muishike vizuri juu njo inamaliza kesi nyingi kuliko wanasheria wabaya: muda. Kesi ya penali ya kuumizwa inakufa kisha mwaka 1, ya kifo cha uzembe kisha miaka 3. Kudai malipo kwa sivili kuna muda mrefu sana, lakini mashahidi hawana huo muda, wavuvi wanahama, kitabu cha bandari kinalowa. Kwa hiyo pirogi isitengenezwe mbele OPJ, ni kusema ofisa wa uchunguzi, hajaiona. Piga foto ya kila mpasuko na kipimo pembeni, hata kiberiti kinatosha, kile kipande chenye rangi kilichovunjika ukifunge pakavu, andika majina ya waliosikia na kuona siku ileile. Na asubuhi inayofuata mwende kwa bandari, muangalie sura ya kila boti iliyoingia usiku mbele hawajaipaka rangi mpya.