Merikebu Ukutani: Jinsi ya Kusoma Picha za Kale za Bahari

Wageni wengi wa makumbusho wakifika mbele ya picha ya merikebu husema "nzuri", wakapita. Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho huumia kidogo, kwa sababu picha za kale za bahari ni ushahidi, na ushahidi wowote una aliyeutoa, mahali alipokuwa amesimama, na mara nyingi mtu aliyemlipa. Nasema hivi nikiwafikiria hasa watu wa Kisumu na fukwe za Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria. Wengi wenu mnaweza kuzisoma picha hizi vizuri kuliko mnavyodhani, iwe ni nakala kwenye ukumbi wa shule au picha zenyewe kwenye maonyesho ya ng'ambo.

Anza na upepo. Mvuvi wa ufuko wa Dunga, Kisumu, anajua kwamba usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Kabla mashine hazijaenea, upepo huo ndio uliowapeleka wazee wake kwenye nyavu na kuwarudisha kwa tanga. Mkalishe mtu huyo mbele ya picha ya vita vya baharini, naye atatazama kwanza kama bendera, matanga na moshi wa mizinga vinafuata upepo mmoja. Kama moshi unakwenda kulia na bendera inapepea kushoto, kuna jambo la kumuuliza mchoraji.

Willem van de Velde Mkubwa, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1611, hakuwa na shida na jaribio hilo. Alikuwa akipanda chombo kidogo na kuingia karibu na mapigano yenyewe, akichora kwenye karatasi huku mizinga ikilia. Ndivyo alivyofanya katika Vita vya Siku Nne vya mwaka 1666, kati ya Waholanzi na Waingereza. Akirudi nyumbani aligeuza michoro hiyo kuwa picha kubwa za wino juu ya mandhari meupe, ambamo unaweza kufuata kamba moja baada ya nyingine kutoka mlingotini hadi sitahani. Katika baadhi ya picha alichora pia chombo chake kidogo, naye ndani yake akichora. Hiyo ilikuwa sahihi yake ya shahidi: nilikuwapo.

Kisha mambo yakageuka. Katika majira ya baridi ya 1672 kuingia 1673, Uholanzi ikiwa imevamiwa na Ufaransa na ingali vitani na Uingereza, yeye na mwanawe, Willem Mdogo, walihamia upande wa adui. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili aliwawekea mshahara wa pauni 100 kwa mwaka kila mmoja: baba achore vita vya baharini, mwana aitie michoro hiyo rangi. Walipewa chumba cha kazi katika Queen's House huko Greenwich, London, jengo ambalo leo ni sehemu ya makumbusho yanayohifadhi mamia ya michoro yao. Mimi siwaiti wasaliti. Walikuwa mafundi waliokimbia nchi iliyovamiwa wakatafuta riziki. Lakini ukiitazama kazi yao, angalia ni merikebu ya nani iliyowekwa katikati na kumulikwa jua, na ni ya nani inayoungua pembeni. Hapo utamwona aliyelipa.

Mwingereza J.M.W. Turner yeye alibadilisha mambo kwa makusudi. Picha yake ya merikebu Temeraire, iliyoonyeshwa mwaka 1839 na ambayo sasa iko National Gallery jijini London, inaonyesha chombo kilichopigana katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805 kikivutwa na stima ndogo kwenda kuvunjwa, milingoti yake mirefu ikiwa bado imesimama, jua likizama nyuma yake. Kwa kweli milingoti ilikuwa imeshaondolewa, stima za kuvuta zilikuwa mbili, na chombo kilikuwa kikienda magharibi, hivyo jua la machweo lisingeweza kuwa nyuma yake. Nahodha yeyote angeyaona hayo, ila Turner hakuwa akiandika ripoti ya bandari. Alikuwa akiomboleza zama za tanga, na milingoti aliirudisha ili tujue kilichokuwa kinapotea. Kosa la makusudi nalo ni ushahidi, mradi ujue limefanywa kwa ajili gani.

Mwaka uliofuata, 1840, alionyesha picha nyingine, ambayo sasa iko Boston, Marekani. Macho huvutwa kwanza na anga nyekundu. Shuka nayo taratibu hadi pembe ya chini, upande wa kulia: utaona mguu wenye pingu, mikono inayotoka majini, na samaki waliojazana. Wataalamu wengi huihusisha na kisa cha merikebu ya watumwa Zong cha mwaka 1781, ambapo Waafrika zaidi ya 130 walitupwa baharini wakiwa hai, kisha wenye chombo wakadai fidia ya bima kana kwamba wamepoteza mizigo. Ningependa kila mwanafunzi anayeletwa makumbusho aoneshwe picha hii, na asimamishwe mbele yake mpaka aifikie pembe ile.

Picha za bahari hazikuchorwa Ulaya tu. Katika ngome ya Fort Jesus, Mombasa, kuna ukuta ambao askari Wareno wa karne ya 17 waliuchora kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, samaki. Hawakutumwa na mfalme wala kulipwa kwa mchoro, na kwa hiyo huwa nawaamini kwa namna ya pekee. Wenyeji wa pwani nao walichora vyombo vyao kwa ncha kali kwenye lipu za majengo, kama katika magofu ya Gedi. Michoro hiyo midogo ina thamani kubwa kwa watafiti wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, kwa kuwa hakuna mtepe mzima wa kale uliobaki.

Neno kuhusu rangi. Bahari ya kijivu kwenye picha ya karne ya 17 si lazima iwe ya mawingu. Wachoraji wengi walitumia buluu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kioo cha kobalti kilichosagwa, na ndani ya mafuta buluu hiyo hufifia ikawa kijivu. Vanishi nayo hugeuka njano, asubuhi ikaonekana jioni. Michoro ya karatasi huharibiwa na mwanga, ndiyo maana vyumba vyake huwa na giza kidogo na tunawaomba msitumie mwako wa kamera.

Ziwa letu lina kumbukumbu za aina hiyo, nyingi zikiwa picha za kamera. Stima William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla ya reli kufika hapa mwaka 1901, baada ya kuletwa kwa vipande kutoka Uskoti. Ukiona picha ya stima za zama hizo, tafuta wako wapi waliobeba vipande vile.

Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya bandari, ya stima au ya mashua za tanga, mketishe mzee anayeijua akutajie chombo, mahali na mwaka. Andika maelezo hayo nyuma ya picha, pembezoni, kwa penseli laini na bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya upande wa pili. Usiifunike kwa plastiki ya kubandika kwa joto, maana haitoki tena. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na dirisha.