Mtoto anayeshindwa hesabu: mjue haya kabla ya kuja kutuona

Buletini, yaani ripoti za matokeo ya shule, zikishatolewa, benchi la mbele ya ofisi yetu ya ushauri wa shule, hapa Lubumbashi, hujaa wazazi. Safari hii wengi wamekuja na lalamiko moja: mtoto anasoma vizuri, Kifaransa kinapita, historia anaisimulia mpaka usingizini, lakini hesabu ni nyekundu tupu. Papa mmoja alituuliza, mwanawe akiwa amesimama palepale, kama tuna dawa ya uvivu. Hatuna. Daftari la mtoto yule lilikuwa limefutwafutwa hadi karatasi imetoboka. Mvivu hafuti hivyo.

Shida hii inaitwa diskalkuli. Ladislav Kosc wa Bratislava aliieleza mwaka 1974, kwa hiyo msituambie ni ugonjwa wa watoto wa simu. Hukadiriwa kwamba inawagusa watu 3 hadi 7 katika kila 100. Darasa la watoto 60, pigeni hesabu wenyewe. Mwenye nayo hashiki haraka ukubwa wa namba. Umwekee maharagwe matano mezani, atayagusa moja moja. Ana miaka 12 na 8 kuongeza 5 bado iko vidoleni. Saa ya mishale inamchanganya. Shule nayo inamwongezea mzigo: ameanza kuhesabu kwa Kiswahili, mara darasa linageukia Kifaransa, na kati ya septante (70) na nonante (90) anakutana na quatre-vingts (80), yaani ishirini mara nne.

Na haiishi mtu akikua. Tulimpokea mama anayeuza unga sokoni. Meka, vile vipimo vya unga, anazijaza bila kukosea, lakini mteja akitoa dola na kudai chenji ya franka, anamwita binti yake. Kwa miaka mingi amemwambia mume wake kwamba macho yanamsumbua. Hakuja kujifunza kuzidisha. Alitaka mtu amsikilize mpaka mwisho bila kucheka, na alilia kabla hatujamuuliza hata umri.

Ndiyo maana tunaanza na aibu, namba zinafuata. Woga unakalia nafasi ileile ya kichwa ambayo mtoto anahitaji kushikia namba, na ndiyo sababu tumbo linamuuma siku ya hesabu tu. Kwa hiyo acheni yale maswali ya mezani, “saba mara nane, haraka!”, wadogo zake wakisubiri kucheka. Msimpime kwa yaya yake, yaani kaka au dada yake mkubwa. Chagueni mtu mmoja nyumbani, hata bibi, ambaye mtoto anaweza kumwambia “leo nimeshindwa” bila kuhubiriwa. Mwacheni atumie vidole, mawe, vifuniko vya chupa, na mpeni muda.

Kuna jambo jingine ambalo tumechoka kulisikia: kwamba mtoto amefungwa, au ana kindoki, yaani uchawi, apelekwe chumba cha maombi akafunge siku tatu. Kuomba hakukatazwi. Lakini Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Sheria haijasema “isipokuwa mzazi” wala “isipokuwa mchungaji”.

Utaratibu wa kuja kwetu, ambao tunaurudia kila wiki: mtoto aje na mzazi au mlezi, asije na jirani. Leteni buletini za miaka miwili na madaftari ya hesabu yakiwa vilevile yalivyo; msiyanakili upya. Leteni pia karatasi ya daktari kwamba macho na masikio yamepimwa, kwa sababu asiyeona ubao naye hupata nyekundu. Siku ya kwanza tunaongea tu. Vipimo ni siku nyingine, asubuhi, mtoto akiwa amekula. Hatuandiki diskalkuli kama mtoto hajasaidiwa kwa bidii angalau miezi 6 na shida ikabaki. Ripoti inakwenda kwa mkuu wa shule. Haiongezi pointi, haimwondoi mtoto kwenye ENAFEP (mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi) wala TENASOSP (ule wa mwisho wa mwaka wa 8). Tafadhali, msituombe.

Kuhusu opsheni, yaani tawi la masomo analochagua mtoto baada ya mwaka wa 8: msimsukume mtoto kwenye ushonaji mkidhani hakuna namba kule. Mwulizeni fundi yeyote kama anakata kitambaa bila sentimita.

Mtoto akisema heri asingezaliwa, au ameacha kula na kulala, msingoje zamu. Mwambieni wa mapokezi mara moja, au nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Hapa mjini kuna pia Kituo cha Dr Joseph Guislain kinachotibu magonjwa ya akili na ya nafsi. Kuvuka mlango wake hakumfanyi mtu mwendawazimu, hata majirani wakisema.

Watu wazima wanaoona haya kukutana na wanafunzi kwenye korido waje alasiri, shule zikishatoka. Saa ya miadi tunaiandika kwa namba na pia tunaichora, mishale na yote, ili uilinganishe na ya ukutani. Ukikosea ukachelewa kwa saa nzima, ingia tu.