Wati 1000 si usiku kucha: dhana potofu kuhusu pawa stesheni za safari

"Fundi, hii si ya wati 1000? Basi friji, feni na jagi la chai vitakwenda mpaka Jumapili."

Maneno hayo nimeyasikia mara nne mwezi huu hapa Mtwara mjini. Mara ya mwisho yalitoka kwa vijana sita waliokuwa njiani kwenda kulala ufukweni Msimbati. Magari yao mawili yalikuwa nje yanawaka, mahema yameshafungwa juu ya keria, nao walipita dukani kwangu kununua waya tu. Pawa stesheni yenyewe, yaani boksi la betri lenye soketi zake la kubeba safarini, walikuwa wameshainunua kwingine. Niliigeuza nikasoma kibandiko cha chini: inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi za nyumbani) wati 1000, betri wati-saa 512. Ikabidi niwaambie kwamba kwa matumizi waliyonitajia, usiku wa manane wa Ijumaa ileile watakuwa gizani. Hawakunielewa, na mmoja alidhani nataka kuwauzia ya kwangu.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo na sitaliachia mapema.

"Wati ndizo zinazoonyesha itadumu muda gani"

Hapana. Wati zinaonyesha chombo kinaweza kusukuma mzigo mkubwa kiasi gani kwa wakati mmoja. Kitakachokuambia utadumu muda gani ni wati-saa, ile namba inayofuatwa na herufi Wh, ambayo wauzaji wengi huiandika kwa maandishi madogo upande wa chini.

Wewe dereva utanielewa haraka. Wati ni injini, wati-saa ni tanki. Chukua Landcruiser yenye injini ya kupanda mlima wowote, itilie lita 20 tu za mafuta hapa Mtwara, halafu sema unakwenda Dar es Salaam. Hata Nangurukuru hufiki. Hakuna dereva atakayelaumu injini, wote watauliza ulijaza lita ngapi. Lakini dukani kwangu watu haohao wanauliza injini tu, tanki hawaligusi.

Sasa tupige hesabu ya wale vijana, maana bila hesabu haya ni maneno matupu.

Friji yao ni ile ya gari, ya kompresa, ya volti 12. Ikiwa inafanya kazi inakula wati 45 hivi. Haifanyi kazi muda wote, hupumzika ikishapoa, lakini kwa joto letu la pwani, tena ikifunguliwa kila dakika kumi kutoa soda, chukulia nusu ya siku nzima iko kazini. Saa 12 mara wati 45 ni wati-saa 540. Hapo ni friji peke yake, na betri yao yote ilikuwa 512. Ongeza feni ya wati 20 kwa saa 8 za usiku: 160. Taa tatu za wati 5 kwa saa 6: 90. Simu nne: kama 80. Laptopu mara moja: 60. Jumla wati-saa 930 kwa siku moja.

Bado hujafika mwisho. Umeme ukitoka kwenye betri kupitia inveta kwenda kwenye soketi ya kawaida, sehemu inapotea njiani kama joto. Mimi hukata asilimia 15. Kwa hiyo wati-saa 512 za kwenye kibandiko ni kama 435 za kutumia, na ili upate 930 kamili unahitaji karibu 1100. Kwa usiku mbili, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, bila paneli, unazungumzia betri ya wati-saa 2000.

Na hapo jagi la chai sijaligusa.

Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji karibu wati-saa 90, ukiweka na upotevu wa jagi lenyewe na wa inveta unafika 115. Haijalishi jagi ni dogo au kubwa. Jagi dogo la wati 800 litachukua muda mrefu zaidi, lakini maji yaleyale yatataka umeme uleule. Watu sita wakinywa chai asubuhi na jioni, lita mbili kila mara, umeshatumia wati-saa 460. Betri karibu yote ya wale vijana imekwisha kwa chai! Na jagi la kawaida la nyumbani, la wati 2000, halitawaka kabisa kwenye inveta ya 1000, chombo kitajizima kwa kuzidiwa.

Ndiyo maana kila anayekuja kwangu namwambia: chochote kinachochemsha au kukaanga, kipeleke kwenye gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 una nishati ya wati-saa 75,000 na zaidi. Hata nusu ikipeperushwa na upepo wa kusi, bado umebeba zaidi ya pawa stesheni 35 za wati-saa 1000 kwa bei ambayo haikaribii hata moja. Umeme wa betri uwe wa friji, taa, feni na simu. Pasi, jiko la umeme, hita na jagi viache nyumbani. Nikimwona mtu anaongeza laki kadhaa apate inveta kubwa zaidi kwa ajili ya jagi tu, roho inaniuma kweli, kwa sababu fedha hizohizo zingemnunulia tanki kubwa zaidi au paneli nzuri.

Ushauri wangu mwingine ambao siuachi: friji ya gari ichomeke kwenye tundu la volti 12 la pawa stesheni, si kwenye soketi ya inveta. Inveta ikiwashwa tu, hata bila mzigo, inakula wati 10 mpaka 20 kwenye mashine nyingi. Usiku wa saa 10 umepoteza wati-saa 100 hadi 200 bila kupoza hata chupa moja. Izime inveta, tumia volti 12 kwa friji na tundu za USB kwa simu.

"Hii ni mAh 60,000, kubwa kuliko hiyo ya wati-saa 500"

mAh ni miliampea-saa, si wati-saa. Zidisha mAh kwa 3.7, volti za seli ya lithiamu, gawa kwa 1000. Unapata wati-saa 222. Imekwisha. Ukikuta chombo hakijaandikwa wati-saa mahali popote, kirudishe kwenye rafu.

"Nitaichaji kwenye gari, nikifika imejaa"

Hii nayo inanichosha, maana wanaoisema ni watu wa safari ndefu. Tundu la sigara kwenye gari dogo lina fyuzi ya ampea 10 au 15, na pawa stesheni nyingi zenyewe hujizuia kwenye wati 100 hivi. Kwa hiyo kwa saa moja ya kuendesha unaingiza wati-saa 100, basi. Mtwara mpaka Masasi ni karibu kilomita 200, sema saa tatu: umeingiza 300. Kama friji imechomekwa muda wote huo, toa ya friji, zinabaki kama 230. Hata ukienda Dar es Salaam, saa nane au tisa, betri ya wati-saa 1000 iliyokuwa tupu haijai. Malori yenye mfumo wa volti 24 hupata karibu mara mbili ya hapo.

Anayekaa barabarani sana afungiwe chaja maalumu inayochukua umeme wa altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, moja kwa moja kwa waya mnene, zipo zinazotoa wati 500 hadi 800. Ila waya huo lazima uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri ya gari. Nimeshaona waya wa namna hiyo ulioungwa bila fyuzi ukayeyuka mpaka kwenye zulia la gari, na mwenye gari alikuwa amelala ndani.

Na ukizima injini, chomoa. Magari mengine tundu la sigara halizimiki na switchi, asubuhi unakuta betri ya gari haina hata nguvu ya kupiga honi, uko katikati ya pori la Lukwika-Lumesule na kijiji kiko mbali.

"Betri ya gari ikifa, pawa stesheni itawasha gari"

Haitawasha. Tundu lake la volti 12 hutoa ampea 10 hivi, starta inataka mamia. Kuna vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, nunua kimoja ukae nacho kwenye gari.

"Kwa nini nisitumie N70 na inveta, si bei rahisi?"

Swali halali, nalijibu kwa heshima. N70 ni volti 12, ampea-saa 70 hivi, yaani wati-saa 840 kwenye karatasi. Lakini hiyo ni betri ya kuwashia gari: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe na altaneta. Ukiikausha kila usiku inakufa ndani ya miezi. Hata betri za sola za risasi na asidi, zilizoundwa kwa kazi ya kukaushwa taratibu, usishuke chini ya nusu kama unataka zidumu. Kwa nyumba ya kijijini ambako betri haihami, bado nazifunga. Kwa gari linalorukaruka barabara za Liwale, asidi ikiwa ndani pamoja na watoto, sikushauri.

Kwenye lithiamu zenyewe, betri za ndani ya pawa stesheni, chagua iliyoandikwa LiFePO4. Ni nzito zaidi kidogo, lakini hudumu mizunguko ya kujaza na kutumia 2000 hadi 3500 na zaidi kabla ya kushuka mpaka asilimia 80 ya uwezo wake. Zile nyepesi za aina nyingine hufika 500 hadi 800. Pia LiFePO4 inavumilia joto vizuri zaidi, na huku kwetu adui ni joto.

"Paneli ya wati 100 inatoa wati 100"

Inatoa hivyo kiwandani, ikiwa na nyuzi 25 na jua la taa za maabara. Huku paneli yenyewe hufika nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi 25 inapunguza kama theluthi moja ya asilimia mpaka 0.4. Ongeza vumbi, ongeza kulazwa vibaya. Tegemea wati 60 mpaka 75. Paneli ya wati 200 kwa saa tano za jua zuri hukupa wati-saa 700 hivi, na hizo kwa kambi ya watu wachache ni nyingi.

Ila usiiweke chini ya mkorosho! Watu wanapaki gari kivulini, jambo la maana, halafu wanatandika paneli juu ya gari hilohilo. Kivuli cha tawi moja kikipita juu ya seli chache, umeme wa paneli nzima unashuka. Gari likae kivulini, paneli ikae juani, katikati uwe na waya wa mita 5 au 10. Na kabla ya kuunganisha paneli mbili kwa mfuatano, soma kikomo cha volti cha pawa stesheni yako. Paneli ya wati 100 hufika volti 22 ikiwa haina mzigo, mbili zinafika 44, na mashine inayokubali mwisho 28 inaweza kuungua hapohapo. Garanti haitakusaidia.

"Ya mtumba kutoka Japani ni imara zaidi"

Inaweza kuwa imara, lakini Japani wanatumia volti 100 na sisi 230. Jagi au feni yako ya hapa haitafanya kazi inavyotakiwa, na ukiichomeka mashine ya volti 100 ukutani kwako uichaji unaweza kuiua siku ya kwanza. Ukiona soketi za matundu mawili bapa, soma volti kabla ya kutoa hela.

"Niiache imejaa ndani ya gari, iwe tayari wakati wote"

Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60. Mashine nyingi zimekatazwa kuchajiwa zaidi ya nyuzi 40 au 45. Joto na chaji kamili vikikutana kwa wiki kadhaa, betri inazeeka kabla ya kazi. Kama hutasafiri, ihifadhi ndani ya nyumba ikiwa na asilimia 50 au 60, na kila baada ya miezi mitatu iangalie chaji yake. Ufukweni iweke juu ya kreti, feni zake zinavuta mchanga, na hewa ya chumvi haina huruma na matundu yaliyo wazi. Nyingi haziwezi kunyeshewa. Ikivimba au ikitoa harufu tamu ya ajabu, izime, itoe nje, usiichaji tena.

"Nitapanda nayo ndege"

Kwa ndege za abiria, betri ya lithiamu mpaka wati-saa 100 unaibeba mkononi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, zaidi ya 160 hairuhusiwi, iwe mkononi au kwenye mzigo. Pawa stesheni karibu zote zimepita hapo mbali. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja alirudishwa nayo uwanja wa Mtwara. Tuliipeleka Dar es Salaam kwa gari, ikiwa imezimwa, chaji nusu, ndani ya boksi lake.