Ramani ya msingi wa slabu: maamuzi ambayo programu ya kompyuta haiwezi kukufanyia

Programu za kusanifu nyumba zimerahisisha sana kazi ambayo zamani ilihitaji meza ya kuchorea, rula ndefu na subira ya kurudia mistari mara kwa mara. Mtu akishachora ramani ya vyumba, anaiagiza programu itengeneze msingi, na papo hapo slabu, yaani bamba la zege linalolala juu ya ardhi, inatokea chini ya nyumba nzima ikiwa na kingo nene, vipimo na picha yake ya pande tatu. Urahisi huo ni wa kweli na tunahimiza utumike. Hata hivyo, kasoro tunazokutana nazo mara nyingi katika michoro inayoletwa kukaguliwa hutokana na maamuzi ambayo mchoraji alidhani programu imeshayafanya kwa niaba yake.

Programu inapotengeneza msingi, hufuata kuta za nje ulizochora na kutumia vipimo vilivyowekwa tayari na walioiunda: mathalani slabu yenye unene wa milimita 100 na ukingo ulioshuka ardhini kwa kina fulani. Vipimo hivyo havikutokana na kiwanja chako. Kompyuta haijui kama hapo kuna udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kama sehemu ya eneo ilijazwa kifusi kisichoshindiliwa, au kama ardhi huganda wakati wa baridi kiasi cha kuunyanyua msingi usiochimbwa vya kutosha. Kwa sababu hiyo kazi ianze kwa taarifa za udongo, na mhandisi aamue unene, nondo na kina cha kingo kabla ya kipanya kuguswa. Yeye pia ndiye wa kuamua kama slabu na kingo zake zitamwagwa kwa mkupuo mmoja, au kama kuta za msingi zitajengwa kwanza na slabu kumwagwa ndani yake. Uamuzi huo hubadilisha mchoro mzima, hivyo usiachwe hadi mwisho.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo kwa maoni yetu linastahili uangalifu kuliko mengine yote: vipimo vinapimwa kutoka uso gani wa ukuta. Ukuta ndani ya programu huundwa kwa tabaka, yaani tofali, lipu na pengine mapambo ya nje, na programu huteua tabaka moja kuwa mstari wa rejea. Tuseme tofali lina milimita 150 na lipu ya nje ina milimita 20. Programu ikipima kutoka uso wa lipu, msingi utaongezeka milimita 20 kila upande, na urefu wote wa jengo utazidi kwa milimita 40. Fundi akipanga tofali kwa kufuata vipimo sahihi vya kuta, atabakiwa na kijukwaa cha zege nje ya ukuta, mahali ambapo maji ya mvua yatatulia na kutafuta njia ya kuingia chini ya tofali. Fungua mipangilio ya ukuta, weka mstari wa rejea kwenye uso wa nje wa tabaka linalobeba mzigo, kisha andika kwenye mchoro wenyewe kwamba vipimo vyote vimechukuliwa hapo. Ongeza pia urefu wa mishazari, yaani mistari inayounganisha pembe zinazotazamana, kwa sababu mishazari miwili ya mstatili ikilingana ndipo pembe zake huwa mraba. Jengo la mita 12 kwa mita 9 linapaswa kuwa na mshazari wa mita 15 kamili, na namba hiyo moja humsaidia fundi kujisahihisha kwa futi kamba kabla mbao za kuzuia zege hazijafungwa.

Kuta za ndani nazo zinahitaji kuelezwa. Kwa programu nyingi, ukuta unaogawa vyumba viwili na ukuta unaobeba paa huonekana sawasawa hadi mchoraji atakapoutambulisha ule wa kubeba. Asipofanya hivyo, slabu iliyo chini yake itabaki na unene uleule wa kawaida, nayo inaweza kupasuka kwa kufuata mstari wa ukuta. Nguzo zilizo katikati ya ukumbi au barazani zinahitaji uangalizi huohuo.

Mabomba ndiyo sehemu isiyosameheka, kwa kuwa zege likishakauka marekebisho hufanyika kwa kubomoa. Kila bomba la maji taka, la maji safi na la nyaya za umeme linalopenya slabu lionyeshwe kwa vipimo viwili, kila kimoja kutoka ukingo wa slabu, wala si kutoka kuta za ndani, ambazo siku ya kumwaga zege zitakuwa bado hazijajengwa. Umbali wa tundu la choo kutoka ukutani hutegemea aina ya choo kitakachofungwa. Kwa vyoo vingi vya Marekani umbali huo ni milimita 305 hivi kutoka uso wa ukuta uliokamilika, hivyo unene wa lipu na vigae uongezwe katika hesabu. Mteremko nao uhesabiwe mapema: bomba linaloshuka kwa uwiano wa 1 kwa 50 litakuwa limeshuka milimita 120 baada ya mita 6, na huenda likakutana na ukingo mnene wa msingi. Linapolazimika kupita humo, mhandisi akubali mahali pa kupitia na bomba lipitishwe ndani ya bomba jingine kubwa zaidi, ili zege lisilibane.

Ramani inayotazamwa kutoka juu haitoshi, kwa hiyo chora pia mkato wa ukingo, yaani mchoro unaouonyesha kwa upande kana kwamba umekatwa katikati, kwa skeli ya 1:20 au kubwa zaidi. Mkato huo uonyeshe udongo ulioshindiliwa, tabaka la kokoto, nailoni ya kuzuia unyevu yenye mapishano ya angalau milimita 150, nondo, na hatimaye zege. Picha za programu mara nyingi huonyesha nondo zikielea mahali pasipoeleweka. Kanuni za zege za Marekani, ACI 318, hutaka nondo zifunikwe kwa milimita 75 za zege pale linapomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, na sharti la namna hiyo huandikwa kwa maneno kando ya mchoro. Uso wa slabu uonyeshwe ukiwa juu ya ardhi iliyokamilika, angalau milimita 150, na sehemu zinazoshuka, kama bafu na gereji, ziandikiwe usawa wake.

Mikato ya kudhibiti nyufa, yaani mifereji inayokatwa kwenye uso wa slabu yenyewe, husahaulika mara nyingi. Zege husinyaa linapokauka, na lisipopangiwa mahali pa kupasuka litajichagulia lenyewe, hasa kwenye pembe za ndani za jengo lenye umbo la L. Kanuni ya kawaida ni kukata kwa umbali wa mara 24 hadi 30 ya unene, yaani mita 2.4 hadi 3 kwa slabu ya milimita 100, na kina cha mkato kiwe robo ya unene huo. Mistari ya mikato hiyo iwekwe katika tabaka lake la mchoro ndani ya programu (layer), isichanganyike na ya mabomba.

Kabla ya kuchapisha, zima mpangilio unaoijenga upya misingi kila ramani ya vyumba inapobadilika, kwani unaweza kufuta marekebisho uliyoyafanya kwa mkono. Ukishauzima, kila badiliko la vyumba utalihamishia kwenye msingi mwenyewe. Chapisha bila kuruhusu ukurasa upunguzwe ili utoshee karatasi, kisha pima kwa rula: kwa skeli ya 1:50, ukuta wa mita 12 lazima uwe na milimita 240 kwenye karatasi. Andika tarehe na namba ya toleo kwenye kila ukurasa, na toleo jipya linapofika kwenye eneo la ujenzi, nakala zote za zamani zikusanywe siku hiyohiyo.